Tumekuja kwa Miguu

Jumanne ya tarehe kumi na moja Mei, mwaka 1948, baada ya sala ya alasiri, Mwanabaraka binti Abdulhalim alishindwa kumaliza mshororo mmoja. Alikuwa amepanda ngazi za nyumba ya Bi Mwanakhamis, mtaani Kuze, na alipofika juu aliwakuta wenzake wamekwisha jipanga na pembe za nyati za kupigia ngoma zimekwisha anza kugongwa. Hakukaa wala hakushusha pumzi. Alifungua mdomo akaanza, "Hodi hodi tunabisha," na sauti ikamtoka nyembamba, juu kuliko alivyoikusudia, kisha ikakatika kabla ya neno la mwisho.

Pembe zilinyamaza. Wanawake waliangalia mikeka.

"Swabaha," alisema Bi Mwanakhamis, aliyekuwa mkuu wa chama, "ebu shika hapo."

Swabaha, binti wa kaka yake Mwanabaraka, alishika hapo. Aliuimba mshororo mzima kwa pumzi moja, vipande vyote viwili, na ikabaki akiba. Hakuna aliyemsifu, maana kila mmoja alijua sifa ile ingemchoma nani.

Lelemama ni ngoma ya wanawake, na asiyeijua huidhani ya upole. Wachezaji husimama safu moja, leso zao sare, mikono ikienda polepole. Ukali wake umo katika maneno. Chama cha Fanusi cha Kuze na chama cha Sururi cha Kibokoni vilikuwa vikishindana tangu kabla ya vita, na vilikuwa na sharia zao. Mwimbishi huongoza msafara kwa miguu. Akifika kwa wenyeji huufungua wimbo palepale, kabla ya kukaa, kabla ya kunywa. Akifungua mwingine, chama kimekodi mdomo, na kitaimbwa hivyo mwaka mzima. Na mwimbishi akikatika pumzi katikati ya kipande, wenyeji huinua leso zao za mabegani na kupunga. Fanusi haikuwahi kupungiwa. Kwa miaka kumi na mitatu mwimbishi wake alikuwa Mwanabaraka.

Ugonjwa wake haukuwa siri. Tangu ujane alipika mahamri na mbaazi za kuuza katika jiko lisilo na dirisha, akichochea kwa makumbi ya nazi. Kichomi kilimlaza mara mbili. Kila alfajiri alikohoa mpaka balghamu itoke, na majirani walizoea kukohoa kwake kama walivyozoea jogoo. Jambo jipya lilikuwa moja tu: sasa kifua kilikuwa kimeifikia sauti.

Mwaliko wa Sururi ulikuja wiki ile ile. Shindano lingekuwa Alhamisi ya tarehe mosi Julai, kabla ya Ramadhani. Mwenyeji ndiye anayechagua njia, na kutoka Kuze hadi Kibokoni si mwendo wa kumtoa mtu jasho. Lakini Sururi walichagua wageni wateremke mpaka forodhani, wapande mlima wa kutoka pwani, wazunguke Marikiti, ndipo waingie Kibokoni. Mjumbe aliyeleta habari hizo alikuwa na nyongeza.

"Bi Mishi awasalimu," alisema. Bi Mishi ndiye aliyekuwa mwimbishi wa Sururi. "Asema, ikiwa Bi Mwanabaraka hawezi mlima, yeye atamtafutia gari. La punda au la hamali, achague mwenyewe."

"Mwambie," alisema Mwanabaraka, "punda ajiwekee mwenyewe, ambebeshe aibu yake arudi nayo chumbani."

Mjumbe alicheka akaenda. Wa Fanusi hawakucheka sana.

"Mwanangu," Bi Mwanakhamis alimwambia walipobaki wenyewe, "maneno unayo. Nauliza pumzi."

"Pumzi nitatafuta."

"Zauzwa wapi? Nikanunue na mimi."

Wakakubaliana hivi: baada ya nusu ya Shaaban, Mwanabaraka angepanda mlima wa forodhani mbele yao, aje aimbe beti moja bila ya kukatika. Akiweza, ataongoza. Akishindwa, ataongoza Swabaha, na yeye atapanga safu nyuma na wapokezi wa kiitikio.

Alikwenda kwanza kwa daktari wa Kihindi aliyekuwa na zahanati upande wa Marikiti. Daktari alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akamwambia ahesabu kwa sauti akiwa amekaa, kisha azunguke chumba mara kadhaa ahesabu tena. Mara ya pili hakufika nusu ya hesabu ya kwanza.

"Hiki si kifua kikuu," alisema daktari. "Njia za hewa zimeharibiwa na moshi, na kichomi kimeacha makovu. Unapotembea, mwili wataka hewa zaidi. Sauti nayo yataka hewa hiyo hiyo. Sahani ni moja, walaji wawili."

"Kuna dawa?"

"Ya kulainisha kikohozi, ndiyo. Ya kuondoa makovu, hakuna. Pumzika."

"Nikipumzika nitapona?"

Daktari alikuwa mtu mkweli. "Hapana."

"Nikitembea nitakufa?"

"Si lazima. Lakini utapata taabu."

"Mimi na taabu tumekuwa pamoja tangu nizae mwanangu wa kwanza, daktari. Haininyimi usingizi."

Hata hivyo alianza kwa kupumzika, maana ndivyo waimbaji wote wa Mji wa Kale walivyofundishwa: sauti ni kama samli, huwekwa mahali baridi na hufunikwa. Mahamri alimwachia Swabaha. Maji aliletewa. Hakushuka ngazi. Alikunywa asali na tangawizi, akazungumza kwa kunong'ona, akalala mchana. Kila baada ya alasiri alikaa juu ya kitanda akaijaribu sauti, na kila mara ilikuwa safi kuliko jana. Mwisho wa wiki ya pili aliimba mshororo wote wa "Hodi hodi tunabisha, wenye mji fungueni," na Swabaha akapiga kigelegele jikoni.

Kesho yake Mwanabaraka alivaa buibui akaenda Marikiti kununua iliki kwa mikono yake mwenyewe. Alifika kwenye banda la muuzaji akataka kuuliza bei, na sauti haikutoka kabisa. Aliuliza kwa vidole. Muuzaji, kijana wa Kigiriama aliyeitwa Katana, alimletea kiti akidhani mama wa watu amepatwa na ububu.

Alipokuwa amekaa pale, kati ya magunia ya viazi na hamali waliokuwa wakimpigia kelele aondoe miguu, aliliona kosa lake wazi. Wiki mbili alikuwa akiipima sauti ya mtu aliyekaa kitandani. Shindano halikuwa la waliokaa. Na miguu, kwa kukosa kazi, ilikuwa imedhoofika, kwa hiyo safari ndogo sasa ilikula hewa nyingi kuliko zamani.

Tangu siku ile alitembea. Asubuhi, moshi wa majiko ukishapungua, aliteremka forodhani akapanda tena, kwanza akishika kuta, kisha bila ya kushika. Jiko alilihamishia uani, akanunua makaa badala ya makumbi. Kaka yake Abdulghafur alimkuta amesimama kwenye kona, mkono ubavuni, akamwambia mwanamke wa heshima hashindi njiani akihema.

"Basi nipe mgongo wako unibebe," alijibu kwa vipande, "nitahema... juu yako... kwa heshima."

Kipimo chake kilikuwa salamu. Katika Mji wa Kale huwezi kupanda njia ukapita kimya. Kila baraza lina watu, na kila mtu ana salamu yake. Mtu akisema "Asalaam alaykum," jawabu kamili ni refu: waalaykumu salaam, warahmatullahi, wabarakatuh. Siku za mwanzo, juu ya mlima, Mwanabaraka alifika "waalaykumu" tu, na wazee wa barazani wakamaliza wenyewe. Habari zikaenea Kuze kwamba Bi Mwanabaraka ameota kiburi, arudisha salamu nusu. Hakuzikanusha. Alisikiliza neno lilipokatikia, akalishika kichwani. Katikati ya Juni alikuwa akifika "warahmatullahi," na baada ya kusimama kidogo kwenye kivuli cha ukuta alimaliza lote.

Aliona na mambo mengine. Akipanda kwa haraka, sauti haishuki bali hupanda, ikawa ya kitoto, na hutetemeka mwishoni. Akilazimisha, kikohozi huja. Akiacha hewa itoke yote polepole kabla ya kuvuta nyingine, sauti hurudi mapema. Na ule muda wa kuingoja irudi ulikuwa ukipungua.

Alirudi kwa daktari. Daktari akasikiliza tena mbele na nyuma.

"Kifua ni kile kile," alisema.

"Lakini nafika mbali zaidi."

"Miguu yako imejifunza kula kidogo, sauti ikabakishiwa. Kifua hakikubadilika. Nisikudanganye."

"Sikukuomba unidanganye."

Alimwendea pia Mzee Kaingu, mpiga zumari wa Fanusi, mtu wa Rabai aliyeweza kuvuvia tangu mwanzo wa ngoma hadi mwisho bila ya kituo. "Mashavu, bibi," alimweleza. "Nayajaza upepo, nasukuma kwa mashavu, huku puani navuta."

"Nifundishe."

"Zumari haina maneno. Ebu jaza mashavu useme hodi."

Mwanabaraka alijaza mashavu akasema hodi. Swabaha alilazimika kukaa chini kwa kicheko, na Mzee Kaingu akageuka ukutani kwa adabu. Njia hiyo ikaachwa.

Siku ya majaribio alipanda mlima na wanawake wa Fanusi nyuma yake, hakusimama popote. Aliingia uani kwa Bi Mwanakhamis akafungua wimbo. Mshororo wa kwanza aliumaliza. Wa pili ulikatika kwenye silabi ya sita.

"Allah ajua nilitaka uweze," alisema Bi Mwanakhamis. "Lakini tuliagana."

Mwanabaraka alingoja mpaka hewa imrudie. Kwa makusudi hakuharakisha, na wote wakalazimika kumngoja.

"Wimbo huu niliutunga mwenyewe nilipokuwa na kifua cha msichana," alisema. "Vipande vya silabi nane nane, viwili kwa pumzi moja. Kifua kile kimekwenda na wimbo wake uende. Nimetunga mwingine. Vipande vya sita. Kila vitatu, nyinyi mwapokea, na mkipokea mimi navuta."

Aliwaimbia.

"Huo ni mtoto wa chuoni anasoma alifu na bee," alisema mmoja.

"Na maneno yake!" alisema mwingine. "Watangaza maradhi yako mbele ya Sururi? Mishi atakula nini zaidi ya hapo?"

"Ndiyo," alisema Mwanabaraka. "Atakula nini?"

Swabaha alikuwa na sababu ya kunyamaza. Nafasi ilikuwa yake, tena kwa haki. Alisema, "Mimi nikifungua, hawatapunga leso. Hilo kweli. Lakini wataimba kwamba Fanusi imezimika, imeazima utambi. Nani hapa ana jawabu lake?"

Bi Mwanakhamis alifikiri, kisha akatoa hukumu ambayo haikumpendeza mtu: Mwanabaraka ataongoza na wimbo wake, Swabaha atasimama nyuma ya bega lake, na leso moja ya Sururi ikiinuka kwa haki, Swabaha atashika, na huo utakuwa mwisho wa Mwanabaraka mbele ya safu.

"Kwa haki," alirudia Mwanabaraka.

"Kwa haki."

Alhamisi ya tarehe mosi Julai, baada ya alasiri, Fanusi walitoka Kuze kwa leso nyeupe zenye pindo jekundu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imekatika na joto lilipanda kutoka ardhini. Mwanabaraka alitangulia. Njiani hakuimba, hakuzungumza, hakurudisha salamu hata moja. Aliwaachia wa nyuma warudishe. Kwenye mlima wa forodhani mpiga ngoma alitaka kupunguza mwendo kwa huruma, naye akampungia mkono bila ya kugeuka, twende. Marikiti hamali waliweka mizigo chini kutazama. Mmoja alipiga kelele, "Mama, nikubebe?" na mwenzake akamjibu, "Beba nazi zako, huyu amekushinda mwendo!"

Kibokoni, wa Sururi walikuwa wamepanda juu ya mabenchi, leso zao za manjano, safu mbili. Mbele yao, peke yake katikati ya uwanja, kiliwekwa kiti chenye mto, na kando yake msichana mwenye mrashi wa marashi.

"Karibu bibi yangu!" alisema Bi Mishi kwa sauti ya kufika mtaa wa pili. "Kaa upumue. Sisi hatuna haraka. Maiti hangojwi, lakini mgonjwa hungojwa."

Mabenchi yalitikisika kwa kicheko. Mwanabaraka alisimama mbele ya kiti. Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka waziwazi chini ya leso, na hakukificha. Alitoa hewa yote polepole kama alivyojifunza mlimani. Kicheko kilichukua muda wake, naye akautumia. Kilipopungua, alifungua:

*Kifua kibovu,*
*kimejaa kovu,*
*sauti ni kavu—*

Leso mbili tatu za manjano ziliinuka. Kabla hazijapungwa, Fanusi wote walipokea:

*Tumekuja kwa miguu!*

Leso zikateremka. Wenyewe hawakujua kama wamesikia pumzi iliyokatika au kituo cha wimbo. Sauti ya Mwanabaraka ilikuwa na mikwaruzo, ndogo kuliko ya mwaka uliopita, lakini kila neno lilisikika, na watu wa nyuma wakaanza kunyamazishana ili wasikie.

*Mwasema navuja,*
*mkaweka hoja,*
*nami nimekuja—*

*Tumekuja kwa miguu!*

Kwenye benchi la pili mwanamke mmoja wa Sururi alisema "Haya!" na jirani yake akamfinya.

*Pumzi ni chache,*
*leo zinikache,*
*wimbo—*

Hapo kikohozi kilikuja. Hakikuwa kituo, na kila mtu alijua. Kilikuwa katikati ya kipande. Leso za manjano ziliinuka zote pamoja, safu mbili, zikapunga, na Bi Mishi akapunga kwa mikono miwili.

"Shika," Bi Mwanakhamis alimwambia Swabaha. "Swabaha, shika!"

Mwanabaraka alikuwa ameinama. Bila ya kuinua kichwa aliinua mkono, kiganja wazi, kama mtu amwambiaye dereva ngoja.

Swabaha alivuta pumzi. Alikuwa na pumzi ya kutosha wimbo wote na nusu ya mwingine. Akaimba, kwa sauti yake yote:

*Tumekuja kwa miguu!*

Wenzake walisita, kisha wakamfuata. Wakapokea tena. Mzee Kaingu akaingia na zumari, na mpiga ngoma akashika mwendo ule ule wa mlimani. Wakaipokea mara ya tatu na ya nne. Bi Mwanakhamis aliangalia mbele, midomo imefumbwa, kisha midomo ikafumbuka akapokea na yeye. Wa Sururi waliendelea kupunga, lakini mkono ulioinuliwa huchoka, na leso zikaanza kuteremka moja moja.

Mwanabaraka alitema katika kitambaa, akakikunja. Alisimama wima. Alingoja wamalize kupokea, na katika ule unyamavu akaendelea, kuanzia neno aliloliacha:

*—niuache?*

Bi Mishi alikuwa na wimbo tayari. Aliufungua mara moja, kwa sauti nzuri isiyo na doa, akimfananisha Mwanabaraka na mvukuto uliotoboka ambao fundi hataki hata kuuazima. Alipofika penye kifua kibovu, kicheko kilitoka, lakini kilitoka upande wa watazamaji, na hakikuwa chake; maneno yale walikuwa wamekwisha yasikia kwa mwenyewe. Msichana wa mrashi aliitikia bila ya kufikiri, "Tumekuja kwa miguu," na benchi la pili likaangua kicheko. Bi Mishi alimaliza beti la kwanza. Watu waliokuwa karibu walisema kwamba la pili alilianza kwa midomo tu.

Kisha akageuka akaagiza sherbeti. Kwa desturi yao, mwenyeji akiagiza sherbeti amekubali kushindwa, na hakuna beti tena. Walipewa Fanusi kwanza, na Mwanabaraka alikunywa yake akiwa amesimama.